Shahidi wa Utoto Wangu

Ipo siku moja ambayo haijawahi kunitoka, mwanangu, nayo ni siku ya msiba wa mama yangu, pale Mabatini. Nilikuwa msichana, ndiyo kwanza najifunza cherehani. Naieleza kama ninavyoikumbuka. Mimi nimesoma hadi darasa la saba tu, na kumbukumbu ya mtu ni kama chekeche, yapo yanayobaki na yapo yanayopenya. Kwa hiyo ukikutana na mtu aliyekuwepo akakwambia vingine, msikilize na yeye.

Nyumba ilikuwa imejaa. Wanawake wamekaa mikekani bega kwa bega, na kila anayeingia anaanzisha kilio upya, waliokaa wanamwitikia. Ndiyo desturi yetu na sisemi kwamba ni mbaya. Ila mimi kile kilio kilikuwa kinaniingia masikioni kama msumari. Kila mama aliyefika alinikumbatia, na kila mkono ulionigusa niliusikia kama moto. Nikainuka nikaenda mlangoni. Pale mlangoni viatu vya waombolezaji vilikuwa vimelundikana, malapa juu ya malapa. Nikachuchumaa nikaanza kuvipanga, cha kushoto na cha kulia, vya watoto mbele, vya wakubwa nyuma. Sikukusudia dharau. Kila jozi ilipokamilika, pumzi ilinirudia kidogo.

Shangazi yetu akatokea nyuma yangu.

"We Kabula," akasema, "aliyekufa ni mama yako au ni haya malapa?"

Wapo walioguna, wapo waliocheka chini kwa chini ndani ya kanga zao. Dada yangu Minza akainua uso uliovimba kwa kulia. Mama alituzaa wawili tu, mimi na yeye, na yeye alinizidi umri wa kutosha kunibeba mgongoni. Akasema, "Mwacheni huyo. Hana uchungu."

Shangazi hakuwa mtu mbaya, nataka uelewe hilo. Baba alipofariki ndiye aliyekuwa akituletea unga. Alichokiona ndicho alichokisema: binti wa marehemu, macho makavu, anachezea viatu. Kama mimi ndiye ningesimama pale nikimtazama mwenzangu, sijui kama ningewaza tofauti.

Kilio changu kilikuja baadaye sana. Nilikuwa sokoni nanunua uzi, nikasikia mwanamke mmoja anaitwa "Mama Minza", jina ambalo majirani walimwita mama yetu. Nikakaa nyuma ya magunia ya mchele nikalia, hadi mwenye magunia akaniuliza kama nimeibiwa. Hakuna ndugu aliyeona. Na kilio kisichokuwa na shahidi, mwanangu, kwa watu ni kama hakikuwepo.

Tangu msiba ule nikawa mtu wa pembeni. Kwenye shughuli za watu nilikwenda, lakini nilijichagulia kuosha masufuria huko nyuma, na mwishowe hata taarifa zikawa haziletwi kwangu. Niliambiwa kuna wanaonong'ona kwamba mwanamke asiyemlilia mama yake ana sababu, na kwamba huenda kifo kile anakijua. Hakuna aliyenitamkia neno baya usoni. Naandika nilichosikia, na huenda hata aliyeniletea maneno hayo aliyaongezea chumvi. Na mimi nilichangia. Nilikuwa nawapita watu bila salamu kwa sababu kichwani napanga vipande vya sare za shule ninazoshona. Mama mmoja aliniuliza kama gauni lake limempendeza. Nikamwambia halijampendeza. Nilidhani ameuliza.

Niliolewa na mtu mpole, tukahamia Igoma, tukapata binti mmoja. Mume wangu alizoea ukimya wangu, Mungu amrehemu. Alipokufa nyumba ilibaki na sauti ya cherehani peke yake. Na Minza je? Minza alibaki Mabatini kwenye nyumba ya mama. Hatukugombana. Tulikutana kwenye misiba ya ndugu, tukasalimiana, kila mmoja akarudi kwake. Mji mmoja, damu moja, na miaka ikapita hivyo hivyo.

Sasa nikuletee habari ya mjukuu wangu Rehema, maana ndiye aliyefungua mlango. Rehema yuko darasa la pili. Hatulii kwenye dawati, anapoteza kalamu kila siku, ukimtuma vitu viwili anasahau vyote na kurudi na cha tatu. Kengele ya shule ikilia anaziba masikio na kulia. Lakini mpe redio mbovu, atakaa nayo asubuhi nzima bila kukumbuka chakula. Jirani alisema amedekezwa. Kuna aliyesema ni pepo. Mwalimu alimchapa mwanzoni, halafu huyo huyo mwalimu, namshukuru kwa hili, ndiye aliyemwita binti yangu akamwambia, "Mama Rehema, huyu mtoto si mkaidi. Mpelekeni hospitali wamtazame." Darasa lake limejaa hadi mlangoni, na bado alimwona mtoto mmoja.

Nikawasindikiza. Daktari alikuwa dada kijana, akaniamkia vizuri, kisha akaanza kumwuliza binti yangu maswali. Mtoto alianza kusema lini? Anacheza na wenzake au pembeni yao? Sauti zinamsumbua? Nguo? Chakula? Ratiba ikibadilika inakuwaje? Binti yangu alikuwa anamjibia Rehema, na mimi moyoni nilikuwa najijibia mwenyewe, swali kwa swali.

Hawakumaliza siku hiyo. Daktari alisema hakuna kipimo cha damu cha kuonyesha jambo hili, bali wanauliza, wanatazama, wanamsikiliza na mwalimu. Tuliporudi mara nyingine akatueleza kwamba Rehema ana usonji, yaani ubongo wake unapokea watu, sauti na mabadiliko kwa njia ya tofauti, na pamoja nao ana ile hali ya kushindwa kutulia na kushika jambo moja, ambayo wao huiita ADHD. Mara nyingi viwili hivyo hutembea pamoja.

"Si malezi mabaya," akasema, "si pepo wala laana. Amezaliwa hivyo. Haiponi kama malaria, lakini akisaidiwa atajifunza, na ninyi mtajifunza kwake."

Binti yangu alilia kwa ahueni. Mimi nikauliza, "Na mtu mzima je?"

"Mama," binti yangu akageuka, machozi bado yako shavuni, "umri huo unatafuta usonji wa nini? Huna hata shule ya kwenda."

Daktari hakucheka. Alisema watu wazima wengi wanaishi na hali hizi bila kujua, wameitwa wavivu, wameitwa wenye kiburi, wameitwa wasio na moyo. Aliposema hilo la mwisho niliinamisha kichwa. "Lakini bibi," akaendelea, "hali hii huanza utotoni. Ili nikwambie kwa uhakika, nahitaji mtu aliyekujua ukiwa mdogo. Yupo?"

Mama hayupo, shangazi hayupo. Duniani kote alikuwa amebaki mtu mmoja aliyeuona utoto wangu, na ndiye yule aliyesema sina uchungu. Nilikaa na jambo hilo muda mrefu. Niliogopa kwamba atakataa, na niliogopa zaidi kwamba atakuja na kumwambia daktari maneno yale yale, halafu yawe ya kweli. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hawakusema kama kunauma.

Nikaenda Mabatini, nikapiga hodi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi unaumwa."

"Siumwi. Nimekuja kukuuliza nilivyokuwa nikiwa mtoto."

Alinitazama kuanzia kichwani. "Na mvi zote hizo, Kabula?"

Nikamweleza habari ya Rehema na daktari, mwanzo hadi mwisho, kama ninavyoeleza siku zote, bila kumwachia nafasi ya kuchomeka neno. Alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo na hakuacha kuchambua. Nilipomaliza akaanza kusema huku macho yakiwa kwenye dagaa.

Akasema nilichelewa kutamka neno hadi mama akanipeleka kwa watu wa kila namna, wengine wakanichanja chale. Akasema nilikuwa silali bila kanga moja ya mama, ikifuliwa nyumba nzima inakesha. Akasema ugali na samaki vikigusana kwenye sahani sikuvila. Mambo mengine nilikuwa nayajua kwa mbali, mengine yalikuwa mapya kabisa kwangu, kama naambiwa habari za mtoto wa jirani.

"Na ngoma zikianza," akasema, "ulikuwa unapiga kichwa ukutani. Mama ananiambia, Minza, mtoe mdogo wako. Nakubeba mgongoni hadi ziwani, kule kwenye mawe makubwa, tunakaa. Wenzangu wanacheza, nawasikia kwa mbali, mimi niko juu ya jiwe na wewe. Ujana wangu wa ngoma uliishia kwenye yale mawe."

Nilimwambia sikujua.

"Ungejuaje, ulikuwa mtoto." Akachambua kidogo. "Lakini siku ya mama hukuwa mtoto. Nilitaka mtu wa kulia naye. Mama tulikuwa naye wawili tu. Nageuka ubavuni kukutafuta, hupo. Nililia peke yangu, Kabula. Haya, wewe daktari atakupa jina. Mimi atanipa nini?"

Mwenye kovu usidhani kapoa. Miaka yote nilijihesabu mimi kuwa ndiye niliyeachwa peke yangu siku ile, na kumbe tulikuwa wawili, kila mmoja na upweke wake, mmoja mkekani na mmoja mlangoni. Mtu mwingine angemshika mkono. Mimi nilibaki nimekaa, nikitafuta jibu kama mtu anayetafuta sindano sakafuni.

"Sijui," nikasema.

"Najua hujui." Akauweka ungo chini. "Hiyo hospitali ni lini?"

Alikuja. Aliongea na daktari kuliko nilivyowahi kumsikia akiongea, na hakunipendelea wala kunionea. Palipokuwa na kosa langu alilisema, palipokuwa na mateso yangu aliyasema. Daktari akatuambia ni usonji, ulikuwepo tangu mwanzo. Akaniuliza najisikiaje. Nikamjibu sijui, na hilo nalo akaliandika.

Tulipokuwa tumekaa nje kwenye benchi, Minza akaanza, "Lile neno nililosema msibani..." Akafunga upya kanga yake. "Ndilo nililoliona."

"Ndiyo," nikasema.

Hatukukumbatiana. Mimi sipendi kukumbatiwa, na sasa anajua kwa nini.

Sitakudanganya kwamba kila kitu kimebadilika. Rehema ameketishwa dawati la mbele, mwalimu anampa kazi fupi fupi na kumtuma kufuta ubao ili miguu yake ipate pa kwenda. Mama yake amejifunza kumwagiza jambo moja kwa wakati. Kwa Rehema jina limefika mapema. Kwangu jina limefika jioni, na jina halipiki chai wala haliketi na mtu. Nyumba yangu ni ile ile. Ila Minza hunipigia simu. "Umekula?" "Nimekula." Baada ya hapo hatuna la kusema, na hakuna anayekata. Nasikia anavyopumua, naye anasikia cherehani. Hadi salio linaisha.

Basi mwanangu, nikwambie ninachoweza kukwambia, na palipo na kosa wenye elimu wanisahihishe. Ukiwa na mtoto asiyetulia, au anayekwepa macho ya watu, au anayeziba masikio, usianze na fimbo wala usimkimbilize kwa waganga. Mpeleke kwa wanaojua, na umsikilize mwalimu anayekuita, hata kama jana alikukera. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Ukimwona mtu mzima analia vingine na ulivyozoea, usiseme hana moyo. Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Na kama katika maneno haya umejiona mwenyewe, usione haya kwenda kuuliza kwa sababu ya umri. Nenda wangali hai wanaokukumbuka mdogo, maana daktari anayo maswali lakini majibu wanayo wao, nao wanaondoka mmoja mmoja.

Na ukishapata jina lako, usiliweke mfukoni ukajifungia nalo. Mwendee aliyeishi kando yako kabla jina halijajulikana, umwulize na yeye ilikuwaje. Jina linaeleza, halifuti. Pengine atakwambia jambo zito, na pengine hutakuwa na la kumjibu. Kaa hapo hapo. Mimi hilo ndilo pekee nililoliweza.

Mungu akujalie mtu aliyekujua ungali mdogo, akuachie mtu huyo hadi uzeeni, na siku utakayokwenda kumbishia hodi, akufungulie.