Maman Pua na Choo cha Étoile

Watu wa mtaa wa Nyalukemba, mjini Bukavu, walimpa Domitille jina la Maman Pua, naye hakulichukia. Kuna wanaoitwa kwa jina la mume, kuna wanaoitwa kwa jina la mtoto, yeye aliitwa kwa kile kilichompa ugali.

Kabla ya hapo alikuwa akifulia watu nguo. Asubuhi moja alipeleka mashuka kwenye boti ya Papa Patrice, mfanyabiashara wa saruji aliyekuwa amejinunulia boti nyeupe ya starehe, kuukuu ya Ulaya, iliyofika Bukavu juu ya lori. Aliiita Étoile, yaani Nyota. Kila Jumapili ilichukua watu wenye sherehe, ikawazungusha ziwani hadi upande wa kisiwa cha Idjwi huku wakila na kupiga picha. Ilikuwa na choo chake, na uchafu wa choo hicho haukumwagwa ziwani; ulishuka kwenye tanki iliyofichwa chini ya kitanda cha chumba cha ndani, ukanyonywa baadaye pale gatini. Tanki ndiyo iliyokuwa aibu ya Patrice. Ilinuka hadi wageni walishuka wamejiziba nyuso kwa vitenge.

Domitille aliweka mashuka, akasimama kidogo, akageuza kichwa kama mtu aliyeitwa.

“Papa Patrice, harufu haitoke mu choo,” alisema. “Inatoka pale, nyuma ya mbao.”

Patrice, aliyekuwa amemwaga javel, dawa kali ya kuondoa madoa, na manukato hadi mikono ikamchubuka, alimwita Xavier, fundi wa Kalemie aliyekuja pamoja na boti. Xavier alifungua mbao. Nyuma yake kulikuwa na tiyo nyembamba, bomba la kupitishia hewa ya tanki, na mdomo wake, uliotokea ubavuni mwa boti, ulikuwa umezibwa na udongo wa nyigu, mgumu kama tofali. Tanki ilikuwa haipumui.

“Maman, uko na mapua ya imbwa ya kuwinda,” Xavier alisema kwa heshima kabisa.

Basi Patrice akamwajiri Domitille achunge tanki, na Xavier akamfundisha. Alimwambia kwamba mavi si adui; adui ni kukosa hewa. Ukiyafungia yanaoza vibaya, yananuka mayai mabovu. Ukiyapa hewa na maji mengi yanatulia. “Na javel usimwage mule,” alisema. “Inauaka tule tududu tunatusaidiaka.” Akamwonyesha pia namna ya kupima tiyo nene ya mpira inayotoka chooni hadi kwenye tanki: unachovya kitambaa katika maji ya moto, unakikamua, unakifunga kwenye tiyo, unangoja kipoe, halafu unakinusa. Kitambaa kikinuka, tiyo imeshakunywa uchafu hadi ndani ya nyama yake. “Tiyo yenye imekunywa haitakate tena, maman. Ni kutupa.”

Xavier alirudi kwao. Domitille alibaki, na kwa miaka minne hakuna mgeni aliyejiziba pua ndani ya Étoile. Maharusi walilala kwenye kitanda kile kupumzisha miguu bila kujua kilicho chini yao. Mumewe Adalbert, mwalimu mstaafu aliyefundisha huko Walungu nusu ya maisha yake, aliwaambia majirani kwamba mke wake ni injinia. Alisema hivyo bila kucheka.

Kisha vita viliingia mjini. Benki zilifunga milango, sherehe zikapungua, na vitu vilivyotoka mbali havikufika tena. Patrice alimwambia Domitille waziwazi: “Ile tiyo uichunge, maman. Siku itakufa, hakuna ingine. Nitang’oa choo chote niweke ndoo. Na ndoo haiombe mutu wa kunusa.”

Mvua za Novemba zilimletea Domitille mafua. Alikaa kitandani juma zima, akapona, akapika sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Adalbert alichota kijiko cha kwanza, akakirudisha polepole kwenye sahani.

“Maman Aimée,” alisema, kwa maana binti yao aliitwa Aimée, “hizi sambaza zimeoza.”

Domitille aliinama juu ya sufuria. Mvuke ulimpiga usoni, wa moto, wenye unyevu, na mtupu. Alichukua kitunguu, akakikata, machozi yakamtoka lakini pua haikusema kitu. Alinusa petroli ya taa, alinusa sabuni, alinusa kwapa lake mwenyewe.

Kwenye zahanati muuguzi alimmulika tochi puani. Alimwambia kwamba kuna ambao hurudiwa na kuna ambao hawarudiwi, na kwamba dawa hana.

“Inarudiaka kisha siku ngapi?”

“Maman, ningelijua ningekuambia.”

Hakumwambia Patrice. Jumamosi iliyofuata alifunga kitambaa kwenye tiyo kama kawaida, akangoja kipoe, akakitia ndani ya mfuko wa plastiki, akaufunga fundo, akapanda nao mlima hadi nyumbani. Adalbert alikuwa amekaa mlangoni, akisahihisha kwa kalamu makosa ya gazeti la zamani.

“Uninusie,” Domitille alisema.

Adalbert alivua miwani, sijui kwa nini, akaingiza uso ndani ya mfuko. “Maji tu. Na kitambaa.”

Wakaishi hivyo Desemba nzima na Januari. Pua ilikuwa ya Adalbert, jina lilikuwa la Domitille. Kila asubuhi Domitille aliamka akivuta hewa kwa nguvu, akingoja. Siku moja alidhani amesikia harufu ya moshi, kumbe alikuwa ameota.

Jumamosi moja ya Februari Adalbert aliingiza uso ndani ya mfuko na kuutoa haraka. Kisha alifunga fundo upya, kwa utaratibu, kama anayefunga kamba za kiatu cha mtoto.

“Haiko na kitu,” alisema. “Tiyo iko muzima.”

Halafu alikwenda nyuma ya nyumba, na Domitille akamsikia akinawa mikono. Alinawa, akamwaga maji, akanawa tena. Domitille alibaki ameshika mfuko. Angeweza kumwita jirani Eulalie anuse. Eulalie alikuwa hapo hapo, anaanika nguo. Hakumwita.

Kesho yake Étoile ilibeba ukoo mmoja uliokuwa ukimshukuru Mungu kwa miaka themanini ya mama yao, Maman Micheline, mwanamke mwembamba aliyevaa kitenge kipya kilichokuwa bado na ugumu wa dukani. Jua lilipokuwa kali walimpeleka ndani alale. Boti ilikuwa haijapita hata rasi ya Muhumba alipotoka tena, ameshika ukuta, ametapika juu ya kitenge chake.

“Munanilalisha na maiti,” alisema. “Mungengoja kwanza nikufe.”

Wanawe waliinuka wote. Patrice aliingia chumbani, akatoka uso umebadilika, akamwita Domitille mbele ya wageni, akang’oa mbao, akamwonyesha tiyo.

“Nusa.”

Domitille alipiga magoti. Aliweka pua juu ya mpira ule, akavuta pumzi hadi kifua kikauma. Nyuma yake watu walikuwa wanakohoa.

“Unasikia nini, maman?”

Angeweza kudanganya, harufu ya kitu kile aliijua kwa moyo, angeweza kuieleza neno kwa neno. “Sisikie kitu, papa,” alisema. “Tangu Novemba sisikie kitu.”

Hakuna aliyemtukana. Pengine ingekuwa afadhali. Boti iligeuzwa, na njia nzima Maman Micheline alikaa na doa lake mapajani, akitazama maji. Gatini Domitille alitaka kumwomba msamaha, lakini wanawe walimbeba wakapita.

Patrice aling’oa choo na tanki juma lile lile. Wageni hawakupenda ndoo. Kufikia Pasaka Étoile ilikuwa juu ya mawe, imefunikwa turubai.

Jioni ya Jumapili ile Domitille alimuuliza mumewe swali moja. “Ulijua?”

“Nilijua,” Adalbert alisema. “Nilisema labda tiyo itavumilia. Nilisema labda mapua yako itarudi mbele ya watu kujua.”

“Na mimi nilijua ya kuwa unajua.”

Hawakugombana. Lakini kuna kitu kilichovunjika na hakikupiga kelele. Domitille aliomba tena kazi ya kufulia. Wateja walimrudishia nguo zilizokaa na unyevu, zinanuka ukungu, naye hakuwa na njia ya kuwabishia. Sasa anakusanya mawe, anayagonga nyundo, anauza kokoto kwa wanaojenga.

Juzi Eulalie aliwaletea maziwa. Adalbert alinusa kikombe, akasema ni mazuri, ya leo leo. Domitille alimtazama yule mzee aliyempenda kwa miaka thelathini na sita, uso wake mwema, uleule wa siku ya mfuko, usioonyesha lolote. Akatoka nje na kikombe, akayamwaga chini ya mgomba, akarudi kugonga mawe.