Kila earphone ninayonunua inakufa upande wa kushoto

Wakuu, habari za humu. Hili limenitokea mimi mwenyewe, sijatia chumvi hata kidogo. Nikiruka ruka mnivumilie, kutulia kwenyewe nimeshindwa.

Nafanya kazi kiwandani Zegereni, mashine ya kusaga plastiki iko mkono wangu wa kushoto. Kelele yake ni balaa. Dawa yangu ilikuwa earphone za kuchomeka, za bei chee, sauti mpaka mwisho, shift nzima.

Za kwanza nilinunua kwenye kibanda pale kituo cha Kwa Mathias. Bass mpaka fizi zinacheza, ila maneno ya mwimbaji huyapati. Baada ya muda kushoto kukafifia, kisha kimya.

Nikachukua aina nyingine palepale. Waya mgumu, bass ya wastani, maneno yanasikika vizuri.

Kushoto tena!

Nikachukua nyingine. Kushoto!

Nilimfuata muuzaji nikamwakia mbele za watu, "Unatuuzia takataka!" Akazichomeka masikioni mwake. "Kaka, mbona zinalia zote?" Nikamwita tapeli, nikaondoka.

Zile mbovu nilikuwa nampelekea shangazi yangu Kisarawe, maana yule hatupi kitu.

Juzi kati nikaenda kumsalimia. Namkuta barazani anamenya mihogo, earphone masikioni, anasikiliza mawaidha. Binti yake naye kavaa zile za waya mgumu.

"Shikamoo shangazi. Hizo si zimekufa upande mmoja?"

"Marahaba. Zimekufa wapi, mwanangu? Zinasikika zote, shehe kama yupo hapa hapa."

Nikacheka. Nikazivaa. Kushoto kimya. Nikahamisha ya kulia nikaiweka kushoto. Kimya. Nikampokonya binti zile alizovaa. Kimya vilevile.

Nikamwambia shangazi kushoto sisikii kitu. Shangazi akaniziba sikio la kulia kwa kiganja, akaongea. Niliona midomo tu. Nilipomwambia sijasikia, akaanza kulia.

Earphone zilikuwa nzima wakuu. Sikio ndilo lililokufa.

Daktari kasema ni ile kelele, na mimi kushindana nayo kwa sauti. Halitarudi, na la kulia limeanza. Kazini bado naenda, sasa na vizibo vya masikio. Ndani ya sikio kuna mlio, ngiiii, hauishi, hata sasa naandika huku nazunguka chumbani. Naogopa sana.

Funzo: sauti ya earphone ipime sehemu tulivu, volume ya chini. Ukihisi upande umekufa, mpe mwenzio avae kabla hujagombana na mtu. Kama unataka jina, zile za waya mgumu mpaka leo zinadunda kwa binti wa shangazi. Mliopitia haya, mliwezaje kulala? Andikeni, nasoma zote.

Jana nilimpitia yule muuzaji kumwomba radhi. Akanisikiliza, akanishika bega, akanijibu kitu.

Alikuwa amesimama kushoto kwangu, na magari yanapita.

Nikaona aibu kumwomba arudie.