Mbwa Ambaye Hakupimwa

Muuza dawa za mifugo ambaye duka lake lilipakana na kibanda changu cha cherehani tulimwita Mizani, maana hakuuzii dawa ya viroboto mpaka mbwa wako apimwe. Unapanda mizani umembeba, kisha unamshusha unapanda peke yako. Tofauti ndiyo uzito wa mbwa, na kipimo cha dawa hufuata uzito. Ukibisha, anakurudishia hela yako bila haya. Sisi wanene tulimkwepa, kwani kilo zetu alizitaja kwa sauti.

Mkewe alipofariki alimwachia mbwa wake mzee, mwenye manyoya mengi. Kwa miezi miwili mbwa yule alilala mlangoni akimngoja. Mizani alimpenda kama mboni ya jicho.

"Humu ndani tunaomkumbuka ni mimi na huyu tu," aliniambia.

Mwezi uliopita viroboto walimzidi yule mbwa. Uzito wa mbwa, marehemu mkewe alikuwa ameuandika kwa mkono wake nyuma ya mlango wa kabati: kilo kumi na nane. Mizani akausoma, akachota dawa ya kilo kumi na nane, akammiminia mgongoni. Sitaficha, niliposikia nilikasirika. Mbwa wa mji mzima kawapima, wake kamsoma kabatini. Tangu mazishi mbwa alikuwa akionja tu chakula na kukiacha, na chini ya manyoya yale zilibaki kilo kumi na moja.

Kabla ya adhuhuri siku hiyo hiyo mbwa alianza kutetemeka, mate yakimchuruzika. Mizani akawa anamwosha kwa maji na sabuni, nami nikakimbia kumwita daktari wa mifugo. Tulipofika, mbwa alikuwa amekata roho.

"Hata kipimo sahihi kingekuwa hatari kwake," daktari alisema kwa upole. "Mbwa aliyeacha kula huletwa kwetu kwanza. Viroboto wanaweza kungoja."

Jioni Mizani alimpigia binti yake aliye mbali. Simu niliiweka mezani kwa spika, sauti ikasikika chumba kizima.

"Mwanangu, mbwa wa mama yako nimemuua mimi. Alikuwa amekonda, sikuona."

Nilidhani binti atalia, au atamlaumu.

"Baba," alisema, "na wewe unakula?"

Mizani alinigeukia, kana kwamba mimi ndiye wa kujibu. Ukuta wetu ni mmoja, na mimi pia sikuwa nimeangalia kama anakula.