Ndara ya Marehemu Gligore

Sabin Vulpoiu alikagua magari kwa miaka thelathini na moja, na sikuwahi kumsikia akimwambia mtu kwamba gari lake ni zuri. Alisema limepita au halijapita, kisha akaenda kunawa mikono. Mimi nilikaa nyuma ya dirisha la kioo nikiingiza matokeo kwenye kompyuta: namba ya gari, kilomita zilizosomeka, kasoro zilizoonekana. Kwa miaka kumi na miwili tulikuwa hivyo, yeye kwenye shimo la ukaguzi chini ya magari na mimi dirishani.

Magari aliyoyajua kuliko mengine yote ni zile pikapu ndogo za zamani ambazo huku kwetu, mkoa wa Gorj, tunaziita ndara, kwa kuwa zina pua fupi mbele na nyuma ziko wazi. Alisema zote zinaugua ugonjwa mmoja. Breki za mbele huvuta upande. Bolijointi zinazoshika magurudumu ya mbele hulegezwa na barabara za kokoto. Taa hufifia. Mwishowe chesisi huoza mahali pale pale, nyuma ya kiti cha dereva, kwa sababu tope linaloingia hapo halina njia ya kutokea. Hapo Sabin aligonga kwa nyundo ndogo, akainamisha kichwa na kusikiliza. Chuma kizima hulia. Kilichooza hunyamaza.

Gligore Drăgoescu wa kijiji cha Răchita alikufa kwa ugonjwa wa moyo mwezi wa Februari, kitandani kwake. Siku ya arobaini mkewe, Veta, alitoa sadaka kama tunavyotoa sote, maana kitu anachopewa mtu hapa kwa jina la marehemu, marehemu hukipata kule. Watu hutoa kiti, ndoo, jozi ya viatu. Veta alitoa ndara. Alifunga taulo jeupe kwenye kioo cha pembeni, akawasha mshumaa karibu na taa ya mbele, akamkabidhi funguo jirani yao Ilarie, ambaye alikuwa na umri wa Gligore na kimo chake. Ilarie akamwombea marehemu msamaha, wakaketi kula. Hakuna aliyewaza kuangalia kilichotolewa kilikuwa katika hali gani. Ndoo ikitoboka utaona kwa macho. Gari halisemi.

Muda wa cheti cha ukaguzi ulikuwa umekwisha, kwa hiyo Ilarie aliileta ndara kwetu juu ya tela la trekta. Veta alikuja naye, amevaa nyeusi tupu, ameketi juu ya madigadi ya trekta. Alinipa bakuli la ngano tamu ya matanga, iliyochanganywa na kokwa za jozi, kisha akamsogelea Sabin.

"Kaka Sabin, kabla hujalitazama," alisema. "Gligore ananijia ndotoni. Anasema anakwenda mpaka kwenye kizuizi, wale wa huko wanainama chini ya gari, halafu wanamrudisha. Anasema ni breki ya kushoto."

"Hata kufa hajaacha kulalamika," Ilarie akasema. "Nilidhani nimepewa gari, kumbe nimepewa na mwenyewe juu yake."

Veta hakucheka. Sabin aliiweka ndara kwenye roli za kupimia breki, na sindano ya kipimo cha kushoto ikabaki chini, haikufika hata nusu ya mwenzake. Akatikisa magurudumu ya mbele kwa mikono yake, akasema bolijointi ziko imara. Kisha akapita chini ya gari na nyundo, akigonga kutoka mbele kwenda nyuma. Nilizoea kuhesabu mapigo yale bila kukusudia. Siku hiyo moja lilikosekana. Nilidhani sikusikia vizuri.

Niliandika: haijapita, breki ya mbele kushoto. Kilomita 61,204.

Walirudi baada ya wiki mbili, juu ya tela lile lile. Ilarie alikuwa amebadilisha brekipedi na paipu. Alisema tangu siku ile ndara ilikuwa bandani, haikuwashwa, betri ilikuwa jikoni kwake. Veta alikuwa amekonda. Alisema Gligore amerudishwa tena. Sasa ni usukani, gari linayumba upande wa kulia. Sabin akajibu kwa upole kwamba upande huo aliukagua mwenyewe. Akaushika tena. Gurudumu lilicheza mikononi mwake kama jino la mzee. Alibaki amelishika kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Wakati ule mimi nilikuwa nimeinama dirishani mwa ndara kusoma kilomita. 61,242. Nilizisoma mara ya pili: zilikuwa zimeongezeka thelathini na nane. Nikaziandika tu; sikujua ningemwambia nani, na kwa maneno gani.

Mara ya tatu, baada ya Ilarie kubadilisha bolijointi, kilomita zilikuwa 61,280. Thelathini na nane tena. Ilarie safari hii hakuleta utani. Aliniambia pembeni kwamba asubuhi moja alikuta boneti ina joto, na kwamba kuku hawalali tena bandani. Taulo kwenye kioo, ambalo yeye hakuthubutu kulifungua, lilikuwa na vumbi jekundu, na huku kwetu udongo ni mweusi.

Veta alisimama ukingoni mwa shimo. Sabin alikuwa chini tayari, na taa yake.

"Safari hii hakuniambia ni nini," Veta alisema. "Anasema wamekwangua ile lami nyeusi wakamtazama tu. Kaka Sabin, nilimwuliza wameona nini. Akasema, muulize Sabin, yeye anajua."

Nilisikia nyundo ikigonga mara moja, mahali lile pigo lilipokosekana. Chuma hakikulia.

Sabin alipanda ngazi, akasimama mbele ya yule mwanamke, mikono michafu ikining'inia. Akamweleza yote bila kujitetea. Mwaka uliotangulia, majira ya kuchipua, Gligore alikuja akihema. Kila wiki alitakiwa hospitali, na basi halipandi hadi Răchita. Chesisi ilikuwa imeoza hata kidole kinazama, naye Gligore alikuwa ameipaka lami ili isionekane. Waliangaliana, na Sabin akagonga mhuri. Alidhani gari lingetembea mwaka mmoja tu, tena polepole.

"Sikufikiri kwamba atakwenda nalo kule," alisema.

"Hukufikiri," Veta akasema. "Mimi namwosha, namvika suti, namchania nywele. Wewe unampa gari bovu."

Sabin akaja dirishani kwangu. Alitaka niandike kwenye rejista kwamba kasoro ile ilikuwepo mwaka jana, na kwamba mkaguzi aliiona. Nikamwambia, Mzee Sabin, hilo wakubwa watalisoma mkoani. Akasema anajua kwamba watalisoma. Niliandika.

Jumamosi alikwenda Răchita na mashine ya kuchomelea. Ilarie anasimulia kwamba alikata kipande kibovu chote, akaweka chuma kipya, akachomelea kuanzia asubuhi hadi jua lilipoelekea kuzama, na kila alipozima moto aligonga, akasikiliza, akaanza upya. Hakukubali kuingia ndani kula. Veta alimletea sahani bandani, akaiweka juu ya gurudumu, na alipoondoka Sabin akala.

Jumatatu walikuja maofisa wawili kutoka mkoani, wakachukua mhuri wake. Hawakuwa wakali. Mmoja alimpa mkono.

Ndara ililetwa mara ya nne siku kumi baadaye, na aliyeikagua alikuwa mkaguzi mgeni, asiyejua lolote. Veta hakuja. Ilarie alisema analala sasa, usiku mzima, na hamwoti mtu. Sabin alikuwa amesimama nje ya dirisha langu, amevaa koti la kawaida, kama mteja yeyote anayesubiri. Mkaguzi mgeni alitangaza kwamba imepita, akanisomea kilomita kwa sauti: 61,299.

Niliziingiza. Sabin akasogea karibu na kioo.

"Zimeongezeka ngapi?" aliuliza.

Kwa hiyo naye alikuwa akizisoma. Wiki zote zile, kila mmoja alizisoma peke yake.

"Kila mara zilikuwa thelathini na nane," nikasema. "Leo ni kumi na tisa."

Aliangalia mikono yake, ambayo haikuwa na uchafu wowote.

"Basi amekwenda tu, hakurudi," alisema. "Wamempitisha."

Kisha akaenda kunawa.