Mtetemeko wa Kila Alfajiri Kabazi

Watu wangu, niko Kabazi na siwezi hata kukaa chini.

Mnajua ile mashine ya kupima mitetemeko niliyozika kwa shamba la Mama Njeri, ya kuchunguza miamba iliyo chini ya Bonde la Ufa?
Siku hizi data ilikuwa inaonyesha mtetemeko kila alfajiri.
Mimi huyo, nikaambia profesa wangu kuna kitu kinaamka huku.

Leo nimefika, shimo ni tupu. Nikakimbia hadi kwa nyumba ya Mama Njeri.

"Tulia, iko chini ya kitanda changu," Mama Njeri akasema. "Ilikuwa inanyeshewa."

Nikamuuliza, na alfajiri huwa unafanya nini, mathe?

"Naomba nikirukaruka. Naombea hiyo mashine yako isiibiwe."

Simu inaita. Ni profesa, na ameshaambia wenzake kuna kitu kinaamka huku.
Nashika nikisema nini?