Kisomo Nyumbani kwa Mwalimu

Aibu yangu hii wanafunzi wameshaihadithia hadi kijiji cha Mute, basi bora muisikie kwangu mwenyewe, maana wao wanatia chumvi.

Mimi nafundisha sétima, darasa la saba, hapa mjini pwani, ila kwetu ni Diaca, huko bara, na ni Mkristo (hilo mlikumbuke, balaa lote limeanzia hapo). Shuleni tulikuwa na sanduku la bati limejaa vitabu vya hadithi, vya Kireno na vya Kiswahili, na hakuna mtoto aliyevigusa. Diretor, mkuu wetu, akaniambia, "Professora, nakupa Jumamosi moja. Watoto wasipokuja, sanduku linahamia shule ya Awasse." Nikasema moyoni, haliendi popote! Nikambebesha mume wangu, Ernesto, sanduku hadi nyumbani, nikawaandikia wazazi vikaratasi: "Jumamosi saa tatu asubuhi kuna kisomo nyumbani kwa mwalimu. Karibuni nyote." Neno lenyewe nimeliokota kwenye redio ya Tanzania, kisomo cha watu wazima, watu wanafundishwa kusoma na kuandika, nikaona limekaa vizuri, wala sikumuuliza mtu.

Jumamosi Ernesto kaenda Mute kufuata mihogo, mimi nafagia uani, mara wanaingia kina mama wamejitanda kanga, huyu ana nazi, yule ana mchele kwenye ungo, nyuma yao wanaume wenye kofia, na shehe wa mtaa na juzuu zake, wote wanaketi mkekani, watoto wamesimama nje ya ua. Nikafurahi jamani! Kumbe wazazi wa hapa wanapenda kusoma hivi?

Mama Atija, jirani yangu, ambaye binti yake namfundisha, akanishika mkono. "Pole sana, mwalimu."

"Asante," nikamjibu huku nacheka, "nimeshazoea."

Akanikodolea macho. "Tukusaidie nini?"

"Sanduku limo chumbani, zito kweli, nangoja watoto waingie tulitoe."

Akaangua kilio. "Masikini, walibebe watoto!" Na diretor naye ndiyo anaingia, akanipa mkono huku kichwa kakiinamisha. Nikaanza kuhisi kuna kitu hakijakaa sawa.

Kabla sijauliza, huyo Ernesto na baiskeli yake na gunia la mihogo. "Hodi! Kuna nini hapa?"

"Marehemu!" Mama Atija alipiga ukelele, mchele ukamwagika wote, na bibi mmoja (sitamtaja) akatoboa ua wa makuti akatokea nje.

Shehe ndiye aliyeniuliza taratibu, "Sasa mwanangu, kisomo hiki ni cha nani?" Hapo ndipo nikaelewa kwamba kwa watu wa pwani kisomo ni Kurani anayosomewa maiti, nao waliona Mkristo kaomba kisomo, Ernesto haonekani, na sanduku limo chumbani, basi msiba huo si mdogo, wakaja mtaa mzima. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto.

"Professora," diretor akasema, "leo umejimaliza."

Watu wakaanza kuinuka. Nikaliona sanduku langu linaondoka, nikasimama mlangoni nikatanua mikono. "Wazee wangu, mama zangu, nisameheni, mimi mtu wa Diaca, neno limenipoteza. Nataka watoto wenu wasome vitabu, basi. Lakini mmeshakaa. Msikilizeni Atija ukurasa mmoja tu, halafu mnitukane."

Nikampa Atija kitabu kimoja cha sandukuni, akasoma hadithi ya mwanamke aliyeshtakiwa na mbuzi wake mwenyewe. Ukurasa ulipoisha akafunga kitabu.

"We mtoto, mbona unafunga?" Shehe huyo. "Mbuzi kashinda au kashindwa?"

Basi tukakaa hadi adhuhuri.

Nimeapa, karatasi haitoki kwangu tena mpaka Mama Atija aisome kwanza. Sanduku lipo, na Jumamosi uani kwangu hapatoshi. Jina tu ndilo nimeshindwa kulifuta: watoto wote wanasema wanakwenda Kisomo cha Marehemu Ernesto, na marehemu mwenyewe ndiye anayelitoa sanduku nje, huku ananung'unika.