Mapaa ya Bondeni Kibiti

Nilitoka Dar es Salaam alfajiri kwa ajili ya rangi nyekundu. Ofisini kwetu nyekundu ni mji, kijani ni ardhi chepechepe, na mimi, mchoraji ramani niliyejiona fundi kweli kweli, nilikuwa nimelipaka bonde zima chini ya Kibiti nyekundu. Picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege zilionyesha mapaa, nami mapaa nayajua! Mkuu wangu alitaka nihakikishe tu, maana enzi hizo za soko huria, palipoandikwa mji palipimwa viwanja vya wenye mitaji.

Njiani lori lilinasa mchangani mara mbili, tukashuka kusukuma. Kibiti niliingia jioni, vumbi mpaka kwenye kope.

Asubuhi ofisi ya kijiji ilinipa mwenyeji, Bi Zuhura, mkulima wa mpunga. Nilimwamkia, tukashuka bondeni huku nikijisifu kwamba mji wao unakua. Akaniuliza shamba lake liko wapi kwenye ramani. Nikamwonyesha palipo pekundu. Akanipeleka kwenye nguzo nne zilizosimama topeni, hazina hata paa.

"Hilo dungu langu, mwanangu. Mpunga ukikomaa tunahamia humo juu, tunafukuza ndege na nguruwe. Tukishavuna tunarudi mlimani."

Picha zangu zilipigwa msimu wa kulinda mpunga. Vibanda vya walinzi nimevihesabu kuwa mji! Niliona haya mpaka masikio yakapata moto.

"Mvua zi karibu," akasema. "Wakija kupima viwanja, nipande wapi?"

Nikakunja suruali. Siku mbili tulilifuata kila paa la kwenye picha, picha mkononi, matope magotini, naye akinicheka kila nilipoteleza. Nyumba za kweli zilikuwa chache, zote ukingoni. Kuuliza si ujinga. Ujinga ulikuwa wangu wa kupaka kabla ya kuuliza.

Niliporudi nilichukua wembe, nikaikwangua nyekundu yote ya bondeni, nikapaka kijani. Nimejifunza kwamba picha inaonyesha paa, haisemi watu wanakaa chini yake mwezi gani.

Mkuu aliinama juu ya meza, akauliza mapaa yale nimeyapeleka wapi.

"Yamerudi mlimani, mzee. Mpunga umeshavunwa."

Akatia sahihi kwenye ramani.